Siku niliyokalia mto wa mama mkwe

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi pale Tanga. Kwa sababu hiyo mimi, ambaye usukani wa jahazi nimeushika mara moja tu, tena chombo chenyewe kimepwelewa, najihesabu mjuzi wa upepo. Mtu akisema "leo kuna upepo" bila kuutaja jina, humwonea huruma. Upepo gani? Kaskazi? Kusi? Matlai? Ujuzi huo nilisafiri nao mpaka Marseille, kusini mwa Ufaransa, pamoja na kofia ya vito, ile ya kudariziwa, iliyonigharimu mshahara wa wiki tatu. Tarehe 14 Julai, sikukuu ya taifa lao, ujuzi uliniacha saa tano asubuhi. Kofia ilifuata saa nane.

Lakini nianzie kwenye ngazi, maana zilikuwa dalili. Treni ya kasi kutoka Paris huchukua saa tatu na ushei, ikakushusha stesheni ya Saint-Charles, iliyo juu ya kilima. Mbele ya stesheni kuna ngazi pana za mawe, 104, zinazopigwa picha na kila mgeni. Mimi na mke wangu tulizishuka na masanduku mawili ya kilo 23 kila moja. Chini kuna sanamu za wanawake wawili waliojilaza, mmoja Asia na mwingine Afrika, kazi ya enzi za ukoloni. Tukakaa chini ya Afrika kuvuta pumzi. Hapo ndipo shemeji alipopiga simu kuuliza tuko wapi, kwa kuwa yeye anatusubiri ndani ya stesheni, kwenye metro: mstari wa M1, upande wa La Fourragère, kituo cha pili ndicho Vieux-Port, bandari ya zamani, na ngazi za umeme ziko humohumo ndani. Tukapanda tena 104.

Shemeji huyo ni Mngazija aliyemuoa mdogo wangu. Marseille ina Wakomoro wengi mno; ukishuka soko la Noailles utakuta mihogo, nazi na majani ya kisamvu, na akina mama wanapatana bei kwa lugha ambayo nusu unaielewa na nusu inakufanya ujihisi umeamka katikati ya ndoto. Lugha yao na yetu ni ndugu, ila ndugu wa kuchokozana. Kwetu "marahaba" ni jibu la shikamoo. Kwao ni asante. Tulipompa mama yake shemeji khanga, akasema "marahaba", na mke wangu, akidhani anakumbushwa adabu, akapiga goti palepale: "Shikamoo mama!" Tukafundishwa kwamba kwao mtu mzima huamkiwa "kwezi", naye huitikia "mbona". Mke wangu akaamkia, akaitikiwa "mbona", akakaa jioni nzima anawaza amekosea wapi.

Tarehe 13 tulikwenda kuona kanisa la Notre-Dame de la Garde, juu ya kilima cha karibu mita 150. Basi namba 60 huondokea Vieux-Port na kupanda mpaka chini ya kanisa. Anayetaka kwenda kwa miguu ahesabu nusu saa ya kuhema. Kanisa ni la 1864, lina mistari ya mawe ya rangi mbili, na juu ya mnara amesimama Bikira Maria wa mita 11 aliyepakwa dhahabu, ambaye wenyeji humwita Bonne Mère, Mama Mwema. Ukuta wa kaskazini bado una matundu ya risasi za Agosti 1944, mji ulipokombolewa. Mimi nilishikwa na mambo ya ndani. Kutoka darini zinaning'inia merikebu ndogo kwa nyuzi ndefu, zina milingoti na matanga na kamba zake, na kuta zimejaa vibao vya marumaru vya shukrani, vingi vya mabaharia na jamaa zao. Nilizikagua zile merikebu moja moja kama afisa wa bandari. "Hii foromali yake, mti wa kushika tanga, imepinda," nikamwambia shemeji. Ukuta mzima wa watu walioponea chupuchupu kwenye bahari ile, na mimi natafuta kasoro za kamba.

Tulipotoka barazani shemeji akanyoosha kidole baharini. Visiwa vyeupe kama mifupa: If, kidogo chenye ngome, na nyuma yake Ratonneau na Pomègues, viwili vilivyoungwa kwa ukuta wa mawe uliojengwa miaka ya 1820. Vyote huitwa visiwa vya Frioul, ingawa mtu akisema Frioul tu huwa anamaanisha vile viwili.

"Kesho tunakwenda kule," nikasema.

"Kesho mistral, shemeji."

Akanieleza upepo huo. Mgandamizo wa hewa ukiwa mkubwa upande wa Atlantiki na mdogo upande wa Ghuba ya Genoa, hewa husukumwa kuelekea kusini. Bonde la mto Rhône, lililobanwa kati ya Alps na milima ya Massif Central, huifanya kile kinachofanywa na kidole gumba ukikiweka kwenye mdomo wa mpira wa maji. Siku mbaya unapita kilomita 100 kwa saa. Na kwa kuwa ni mkavu, unafagia mawingu yote, hivyo mbingu za siku ya mistral huwa za buluu kuliko siku nyingine yoyote. Mgeni anatazama juu, anafurahi, ananunua tiketi.

Sikumwamini, na nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, Wafaransa wengine wenyewe huwatania watu wa Marseille kwa kutia chumvi: husema eti dagaa mmoja aliwahi kuziba mlango wa bandari yao. Chanzo chake ni meli iliyoitwa Sartine, iliyozama mlangoni mwa bandari mwaka 1780 na kuuziba kweli. Herufi moja ikabadilika mdomoni, meli ikawa "sardine", yaani dagaa. Nikahesabu kwamba na mistral ni dagaa. Sababu ya pili ni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini shemeji ni mdogo kwangu kwa miaka sita, kwa hiyo nikaona methali hainihusu. Na haikunihusu. Guu halikuvunjika.

Asubuhi mbingu zilikuwa safi kama sahani iliyooshwa mara mbili. Siku za sikukuu mabasi hufuata ratiba ya Jumapili, yaani machache, tukaamua kutembea mpaka Vieux-Port. Pale kuna paa kubwa la chuma kilichong'arishwa mpaka kikawa kioo, lililowekwa mwaka 2013. Ukisimama chini yake unajiona juu, umening'inia kichwa chini kama popo. Mke wangu akapiga picha. Kwenye picha ile kofia yangu imekaa sawasawa. Ndiyo picha yake ya mwisho.

Hatua chache kutoka hapo kuna dirisha la tiketi za boti. Nilifika na sentensi ya kuomba tiketi mbili, niliyofundishwa usiku na mdogo wangu. "Deux billets."

Yule dada akanitazama. "Bonjour."

Nikadhani hakusikia. "Deux billets."

"Bonjour, monsieur."

Mke wangu akanikanyaga mguu. Ufaransa, hata nguo zako zikiwa zinaungua, husemi "maji!" kabla ya kusema bonjour, salamu yao ya mchana. Dukani, kwenye basi, dirishani, kwa daktari: bonjour kwanza, shida baadaye. Nikasema bonjour, uso wake ukafunguka, nasi tukawa ndugu. Akaeleza taratibu. Kawaida unachagua tiketi ya If, ya Frioul au ya visiwa vyote viwili, na kiingilio cha ngome ya If unalipa kivyake ukishafika kisiwani. Leo If imefungwa. Gati yake ni ndogo na iko wazi kwa upepo. Boti ikipigwa ubavuni haiwezi kushusha watu. Frioul ina bandari iliyojificha, kwa hiyo boti zinakwenda, lakini huenda zikasimama wakati wowote. Akaandika kwa kalamu nyuma ya tiketi: "16h", akapiga mistari miwili chini yake. Boti ya mwisho, saa kumi jioni yetu.

Sasa, mwenyeji akisikia If imefungwa hurudi nyumbani kupika. If ndiyo hufungwa kwanza, Frioul hufuata. Mimi nilimwambia mke wangu, "Hawa wanataka kuwahi fataki za sikukuu."

Mpaka If ni dakika 20 hivi, na Frioul kama nusu saa. Ndani ya bandari boti ilikwenda kama sinia la chai mkononi mwa mpishi mzoefu. Tulipopita ngome za mlangoni, sinia liliangushwa. Maji yalitupiga upande wa kulia, tukalowa mpaka soksi, nami nikakishika kichwa kwa mkono mmoja na nguzo kwa mwingine. Tulipopita karibu na If nikamsimulia mke wangu, kwa kupiga kelele, habari za kifaru. Ngome ile iliamriwa na mfalme François wa Kwanza mwaka 1524, lakini kabla yake, mwaka 1516, kisiwa kilimpokea kifaru kutoka India, zawadi ya mfalme Manuel wa Ureno kwa Papa Leo wa Kumi. Meli ilipumzika hapo, na mfalme wa Ufaransa akaja kumtazama mnyama.

"Halafu?" akauliza mke wangu, amekumbatia kiti cha mbele.

"Halafu meli ikazama, pwani ya Italia. Kifaru alikuwa amefungwa minyororo."

Hakuniuliza kitu kingine mpaka tuliposhuka.

Frioul ni chokaa tupu. Miti ya kivuli sahau. Bandarini kuna migahawa kadhaa na nyumba za wakazi wachache. Ukishaiacha hupati maji, kwa hiyo kila mtu abebe lita moja na nusu yake, na viatu vyenye kisigino imara, maana njia ni za kokoto zinazoteleza. Tangu 2012 visiwa vimo ndani ya hifadhi ya taifa ya Calanques: huwashi moto, hulali nje, hutoki nje ya njia. Ubao wa gatini unasema hayo yote na una picha ya kichaka kidogo cha duara, kizuri, kama chapati iliyoumuka. Niliuona. Nikafikiri ni tangazo la bustani.

Tukafuata njia ya Ratonneau mpaka hospitali ya Caroline, mwendo wa dakika 25. Ni magofu ya kuvutia: majengo marefu ya mawe na kikanisa chenye nguzo kama hekalu la Kigiriki. Ilijengwa miaka ya 1820 kuwaweka karantini wagonjwa wa homa ya manjano walioletwa na meli. Wataalamu wa zama hizo waliamini homa hiyo husambazwa na hewa mbovu, hivyo wakatafuta mahali penye upepo mkali ili hewa hiyo ifagiliwe. Rudia kusoma sentensi hiyo. Nilikuwa nimemleta mke wangu kula chakula cha mchana mahali palipochaguliwa rasmi kwa ajili ya ukali wa upepo wake.

Tulijibanza nyuma ya ukuta. Mdogo wangu alikuwa ametufungia sambusa sita na mkate wa sinia. Hapa nitoe somo la shakwe, kwa sababu wengi huwadharau. Shakwe wa Marseille, wenyeji humwita gabian, ana miguu ya manjano, doa jekundu kwenye mdomo na mabawa yanayozidi mita moja kwa upana. Hakuji kutoka mbele. Anakuja kutoka nyuma ya bega lako, akiutumia upepo, kimya kabisa. Chakula kishike chini, karibu na tumbo, mgongo ukiwa ukutani, na bakuli ufunike kila baada ya kuchukua. Mimi niliinua sambusa usawa wa sikio ili nisisitize jambo. Nilikuwa nasema, kama nakumbuka vizuri, "Huu kwetu tungeuita umande tu."

Mkono ukabaki mtupu. Nikajifariji kwamba pilipili itamwadhibu. Ndege hawasikii pilipili. Akarudi kuchukua ya pili.

Basi nikafanya ambalo babu asingefanya: nikavua kofia nimpungie. Kumbuka kwamba mpaka wakati huo kofia ilikuwa imeshikwa na mkono wangu tu, saa tatu mfululizo. Nilipoitupa hewani kidogo, upepo ukaipokea. Ikaruka ukuta, ikagota chini, ikabiringika kwa ukingo kama gurudumu, ikavuka msururu wa mawe ya kuonyesha mwisho wa njia, na kutua taratibu juu ya kichaka cha duara, kizuri, kama chapati iliyoumuka.

Nikavuka mawe. Nikaifikia. Nikaishika! Nikageuka nimwonyeshe mke wangu, kifua mbele, na kwa kugeuka nikaupa upepo kifua changu chote kama tanga lililofunguliwa. Kokoto ikateleza chini ya kisigino. Siwezi kusema nilianguka. Nilikaa. Nilikaa kwa heshima, magoti pamoja, kama mzee anayekaribishwa kwenye baraza.

Mmea ule hauna miiba ya kawaida. Una majani madogo yaliyopangana pande mbili za kijiti. Majani yanadondoka, kijiti kinabaki, kinakauka na kuchongoka, na mwaka unaofuata vingine vinaota juu yake, mpaka kichaka kizima kinakuwa pini zilizoelekea juu. Ni adimu na umehifadhiwa kwa sheria, kwa hiyo nilikuwa navunja sheria ya Ufaransa kwa makalio. Sauti niliyotoa ilimtisha hata shakwe. Mikono ikafunguka yenyewe, na kofia ya vito ikaondoka kuelekea kusini mashariki. Huko ndiko kiliko kisiwa cha Corsica.

Mke wangu hakucheka. Nataka hilo lieleweke. Alingoja kwanza ahakikishe niko hai.

Kutoa miiba ya namna ile kuna utaratibu. Usisugue, usikalie tena, usijaribu kuitoa kwa kucha: ni mikavu, hukatikia ndani. Suruali ishushwe polepole kwenda chini, isivutwe kwenda nyuma, maana kitambaa kikivutwa vibaya huivunja yote kwa pamoja. Kisha kila mwiba ushikwe karibu na ngozi na kuvutwa kwa mwelekeo uleule ulioingilia, mwanga ukitoka pembeni ili kivuli chake kionekane. Mke wangu alikuwa na kibanio cha nyusi mkobani. Nililala kifudifudi kwenye mwamba, akanifunika khanga na kuipigilia mawe pembe nne, akawa anafunua kipande kimoja kimoja kama fundi anayetafuta waya uliokatika. Khanga yenyewe iliandikwa "Yasiyokuhusu usitazame." Hakuna aliyeweza kuisoma.

Lakini wa kutazama walikuwapo, kwa sababu ile ndiyo njia ya kwenda pwani ya Saint-Estève. Siku ya sikukuu. Walipita wazee wenye fimbo, walipita vijana, ikapita familia yenye watoto watatu. Na kila mmoja, bila hata mmoja kuruka, alisema: "Bonjour." Nami, shavu likiwa mwambani, nikamjibu kila mmoja, maana nilikwishajifunza. Mama mmoja mzee alisimama, akatazama kichaka, akatazama khanga, akatikisa kichwa. "Ah," akasema, "le coussin de belle-mère." Akaenda zake.

Ilitoka miiba 31. Ilipofika saa tisa na dakika 25 mke wangu alisema iliyobaki haionekani, twende. Dakika 25 za kwenda zikawa 50 za kurudi, upepo ukitupiga usoni na mimi natembea kama mtoto aliyetahiriwa juzi. Tulipofika juu ya bandari tuliona boti. Tuliiona vizuri sana, kwa nyuma.

Gatini mke wangu aliniachia yote aliyokuwa ameyatunza tangu ngazi za Saint-Charles. "Mbona hukusikia? Shemeji kakwambia! Dada wa tiketi kakuandikia, kakupigia na mistari! Mbona? Mbona, Baba Zuhura?"

Nyuma ya mgahawa mmoja kijana aliyekuwa anasugua sufuria akaacha kazi. Akajifuta mikono harakaharaka, akainamisha kichwa na kusema kwa aibu, "Kwezi, mama." Alikuwa Mkomoro. Alikuwa amesikia mtu mzima anaitikia "mbona" mara tatu, akadhani amepita bila kuamkia.

Mtoto yule Mungu amjalie. Alituingiza jikoni, akatupa chai, akamfunika mke wangu kitambaa cha meza cha plastiki chenye picha za malimau, kwa sababu mistral hata Julai hukupoza mpaka mifupani ukiwa umelowa. Akasema tusiogope: majira ya joto mara nyingi hupungua jua likizama, na boti itakuja kuchukua watu bahari ikitulia. Ikiwa haitatulia, kesho. Kila dakika alinisogezea kiti. Nikakataa. Akaleta kiti kingine, chenye mto. Mke wangu ikabidi amweleze, na alipotamka maneno ya yule mama mzee, kijana akaegemea friji.

"Belle-mère," akasema alipoweza kusema, "ni mama mkwe. Huo mmea ndivyo unavyoitwa. Mto wa mama mkwe. Yaani mto wa kumkaribishia, akija kukutembelea."

Mke wangu akaacha kutabasamu. "Mama yangu amewakosea nini Wafaransa?"

Hata hivyo alichukua simu na kurekodi ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye kundi la familia. Nilimsihi aufute. Ukoo mzima ulikuwa umekwishausikiliza. Mdogo wangu naye akapiga kutoka mjini: fataki zimefutwa. Mistral ikivuma hawawashi, cheche moja kwenye vichaka vikavu vya Julai na kilima kinateketea. "Kwa hiyo hamkukosa kitu," akasema.

Saa nne kasoro robo usiku boti ikaja. Bahari ilikuwa imeshuka lakini si sana, na baharia akapita akipaza sauti, "Assis! Tout le monde assis!" Wote wakae. Watu wote wakakaa isipokuwa mimi. Akaja mpaka mbele yangu. "Assis, monsieur." Nikamwambia bonjour. Haikusaidia. Mke wangu akajaribu kueleza kwa mikono, kichaka, pini, kukaa, na watu wa safu tatu wakaanza kufuatilia kama mchezo wa kuigiza. Mwishowe tukafikia suluhu: nikapiga magoti juu ya kiti, nimekumbatia mgongo wake, uso umeelekea nyuma. Hivyo ndivyo nilivyoiaga Frioul, nikiwa natazamana ana kwa ana, kwa nusu saa, na mzee wa safu ya nyuma aliyekuwa anakula pichi.

Usiku wa sikukuu maduka ya dawa hufungwa, isipokuwa la zamu. Unapiga 3237 wanakuelekeza lililo karibu. Shemeji akanipeleka. Muda wote alikuwa kimya, na ukimya wake ulikuwa na adabu isiyovumilika. Nilimwendea mfamasia kwa kujiamini: "Bonjour!" Akanitazama, akatazama saa. "Bonsoir," akasema, yaani salamu ya usiku, akasubiri. Nikaanza upya. Akauliza chanjo yangu ya pepopunda ni ya lini, akatoa dawa ya kusafisha vidonda, akasema nikiona uvimbe au wekundu unaosambaa nimwone daktari, kisha kwa ukarimu akanionyesha kiti cha kungojea bili.

Saa kumi na mbili asubuhi simu iliita. Tanga walikuwa wameshaamka, wako mbele kwa saa moja. Jina kwenye kioo lilinifanya nisimame wima, ingawa nilikuwa nimesimama tayari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nasikia umeumia huko."

"Kidogo tu, mama. Nilikalia jiwe."

Kimya. Nilimsikia akimeza chai.

"Jiwe lenye miiba thelathini na moja?"

"Ndiyo, mama. Mawe ya huku."

"Nasikia lina jina langu."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani, na shuka linatikisika.

"Sasa nataka kuelewa jambo moja, mwanangu," akaendelea mama mkwe, taratibu, kwa sauti ya mtu mwenye salio la kutosha. "Huo mto, uliukalia kwa bahati mbaya, au ulikuwa unaujaribu kabla ya kuniletea?"

Nikamwambia upepo ni mkali, simsikii vizuri. Dirishani pazia lilikuwa limetulia tuli.